Lori Lisilojua Mlima

Popote ulipo jioni hii, Kaptembwo au Lanet, Gilgil au Molo, kama uko jikoni endelea kukoroga, na kama uko kwenye usukani macho yabaki barabarani, masikio tu ndiyo uniachie mimi. Leo nazungumzia michezo ya video. Naomba mzazi asizime redio. Sikuja kuisifu michezo hiyo. Nimekuja kuisifu ile mibovu.

Likizo iliyopita nilimfuata mpwa wangu kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu Kaptembwo. Mnavijua vibanda hivi: mabati, pazia mlangoni ili jua lisipige runinga, benchi moja, vijana kumi, na pedi mbili zilizofungwafungwa kwa utepe mweusi. Nilikwenda na hasira ya mtu aliyemtuma mtoto mkate saa nne na sasa ni saa saba. Lakini nilipofunua pazia nilikuta kibanda kizima kinacheka mpaka machozi. Mkate wangu ulikuwa pale kwenye benchi, umekaliwa nusu.

Kwenye kompyuta kuukuu ya pembeni, mwenye kibanda alikuwa ameweka mchezo wa malori uitwao Big Rigs: Over the Road Racing, uliotolewa Marekani mwaka 2003. Huwawekea wateja wanaongoja zamu, wacheke, wasiondoke.

"Anko, kuja uone," mpwa wangu akaniita. "Hii ndiyo gemu mbovu kuliko zote duniani."

Nikakaa. Na kweli, jamani. Unapewa lori ushindane na lori jingine. Mbio zinaanza, lakini lile jingine halitoki. Limesimama palepale kana kwamba tanboi wake amekwenda kununua chai. Unaondoka peke yako. Unakutana na nyumba, unapita katikati ya ukuta kama moshi. Unafika kwenye daraja, linakuachia unazama kana kwamba halikujengwa. Unaamua kupanda mlima uliosimama wima, na lori linapanda bila kupunguza mwendo hata kidogo. Ukirudi nyuma, yaani ukiweka rivasi, mwendo unaongezeka na kuongezeka bila kikomo, na ukiachilia kitufe lori linasimama papo hapo. Mwishoni unaonyeshwa kikombe chenye mikono mitatu, na Kiingereza kilichovunjika kinakutangaza mshindi. Waliotengeneza walikuja kurekebisha baadaye. Wakalifanya lile lori la pili litembee. Sasa linakwenda vizuri, linakwenda, halafu linasimama hatua chache kabla ya mstari wa mwisho.

Nilicheka na mimi. Kisha njiani, mkate ulioumia mkononi na mpwa wangu nyuma, swali likanijia: kwa nini tulicheka vile? Michezo mingi mibovu inaudhi tu. Huu ulituchekesha sisi kwa sababu sisi ni watu wa Nakuru, na watu wa Nakuru tunajua lori ni nini.

Mtoto aliyezaliwa kando ya barabara yetu kuu anajua kwa sikio tu lori lililobeba mzigo likiikabili njia ya kupanda Mau Summit. Anasikia dereva akishusha gia, akishusha tena, injini ikilia kama mtu aliyebebeshwa mzigo si wake. Na anajua mteremko wa kurudi, kupitia Sachangwan na Migaa hadi Salgaa. Pale baadhi ya madereva walikuwa wakitoa gia ili kubana dizeli, lori likaachwa literemke kwa uzito wake lenyewe. Wanaiita friwili. Breki zinabeba peke yake kazi ambayo injini ingesaidia, zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. Wengi hapa tumezika watu kwa sababu ya mteremko huo. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu zaidi ya 30 wakafariki wakielekea kuukaribisha mwaka mpya.

Sasa umeelewa kwa nini lori lisilojua mlima lilituchekesha. Mlima ndio lori lenyewe. Uondoe uzito, uondoe mteremko, uondoe hofu ya breki, umebaki na picha inayosogea. Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata kutoka kwa mchezo mbovu kuliko yote duniani, na hakuna mchezo mzuri ambao ungenifundisha hivyo. Mchezo mzuri unakuficha mshono. Unacheza mpira kwenye runinga, mchezaji anachoka dakika ya sabini, mpira mrefu unamshinda, na wewe unaona ni mpira tu. Hufikirii kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekaa akaamua mchezaji huyu achoke, na achoke kiasi hiki. Kwenye mchezo mbovu uamuzi huo haukufanywa, na pengo lake linakutazama usoni. Ni kama fundi cherehani: ukitaka kujifunza kushona koti, usilitazame lililonyooka. Tafuta lililokaa vibaya begani, lifumue.

Lakini tusikimbilie kusema ugumu ndio utamu. Kuna ugumu wa kijinga pia, na hapo nawapeleka mwaka 1982.

Mwaka huo filamu ya Steven Spielberg kuhusu E.T., kiumbe mdogo wa anga aliyepotea duniani, ilikuwa imeteka Marekani. Kampuni ya Atari ikanunua haki ya kuifanya mchezo, na ikautaka mchezo uwe dukani kabla ya Krismasi. Kazi ikapewa kijana mmoja, Howard Scott Warshaw. Hakuwa mwanagenzi, mchezo wake Yars' Revenge ulikuwa umependwa sana. Alipewa muda gani? Kama wiki tano. Karibu peke yake.

Katika mchezo huo yule kiumbe anatafuta vipande vya simu ili apige nyumbani. Vipande vimefichwa kwenye mashimo. Unaingia shimoni, unatafuta, unanyoosha shingo, unapaa, unatoka. Ukikanyaga vibaya kidogo, umerudi shimoni. Unapaa tena, unaanguka tena. Sababu yake ni ndogo ajabu. Mashine ilikuwa ikihesabu mguso wa picha. Sehemu yoyote ya picha ya kiumbe ikigusa picha ya shimo, hata utosi wake, basi ameanguka. Macho yako yanaona miguu iko pakavu, mashine inasema uko shimoni. Watoto walilia, wazazi wakarudisha kanda dukani. Septemba 1983 Atari ikazika shehena ya bidhaa zake kwenye jaa la taka la Alamogordo, jimbo la New Mexico. Watu wakaibishia habari hiyo kama hadithi ya mtaani, mpaka Aprili 2014 jaa lilipofukuliwa na kanda za E.T. zikatoka vumbini.

Warshaw mwenyewe alikuja kueleza kwamba kumkera mchezaji si dhambi. Dhambi ni kumpoteza asijue yuko wapi wala amekosea nini. Hilo ndilo somo la pili, nami nalitafsiri kwa lugha ya barabara yetu: shimo si kosa. Kosa ni shimo lisiloonekana.

Na hapa turudi Salgaa kidogo. Kwa miaka mingi kila ajali ilipotokea tuliwasema madereva. Tukawahubiria, tukaweka polisi, tukaandika mabango. Nao walikuwa na lao la kujibu, sikatai. Lakini baada ya msiba wa 2017 barabara yenyewe ikaguswa. Ikapanuliwa, wanaopanda wakatenganishwa na wanaoteremka kwa ukuta wa zege. Ilichukua roho nyingi kufikia wazo hilo rahisi: mtu mmoja akianguka, mwulize yeye, watu mia wakianguka mahali pamoja, paulize mahali.

Kijana unayenisikiliza, wewe unayesomea kompyuta Egerton au unayejifundisha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, liandike hilo ukutani. Siku utakapompa mtu mchezo wako akakwama, utasikia kinywani mwako maneno haya: "Hajui kucheza." Yameze. Mpe wa pili, mpe wa tatu. Wakikwama palepale, asiyejua ni wewe.

Somo la tatu linahusu ukubwa. Agosti 2016 kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games, ilitoa mchezo uitwao No Man's Sky. Sifa yake ilikuwa ukubwa: sayari ambazo hesabu yake ni bilioni 18 mara bilioni. Sikukosea, rudia mwenyewe: bilioni 18, uzizidishe kwa bilioni. Hazikuchorwa na mtu. Kanuni ya hesabu ilizizalisha. Watu wakanunua, wakaruka, wakatua. Sayari ya kwanza ajabu. Ya pili ajabu. Ya kumi, eh, mawe tena. Na wachezaji wawili walipopatana wakutane mahali pamoja, walifika, kila mmoja akasimama peke yake, hawakuonana.

Wakulima wa Njoro na Molo wananielewa bila maelezo. Jirani amekodi ekari hamsini, ana jembe la ekari mbili. Ukipita barabarani unaona shamba; ukiingia ndani unaona magugu. Kijana anayeanza kutunga mchezo huja kwangu na ndoto ya ekari hamsini: mji mzima wa Nakuru, kila mtaa, kila matatu, usiku na mchana. Mwanangu, nipe mtaa mmoja. Nipe steji moja ya matatu nisiyotaka kuondoka.

Niwatendee haki waliofanya No Man's Sky: hawakukimbia. Waliinama wakapalilia, bila kuwadai wanunuzi senti nyingine. Mwaka 2018 wachezaji hatimaye wakaweza kuonana na kusafiri pamoja, na mchezo uliozomewa ukapata wapenzi. Kwa upande mwingine, Septemba 2021 Konami ya Japani, waliotulea kwa michezo ya mpira tangu enzi za Winning Eleven, walitoa eFootball ikiwa bado mbichi. Timu chache, pasi zinazopotea, na nyuso za nyota wa dunia zimepinda kama zimetazamwa kwenye kijiko. Kampuni ikaomba radhi, na toleo lililoiva likafika Aprili 2022. Wali ulishapakuliwa ukiwa na kiini, ndipo mpishi akaomba sufuria irudi jikoni. Wageni wengine walikula baadaye. Wengine walishaondoka.

Sasa kuna anayejiuliza: hayo ni ya Wamarekani na Wajapani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu hivi. Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wake The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mchezo wa kompyuta wa msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Jaribu kulipima hilo: kijana wa Kenya, karibu peke yake, miaka ambayo intaneti ya nyumbani ilikuwa anasa. Baadaye aliungana na Eyram Tawia wa Ghana, wakaanzisha Leti Games, na macho yao wakayageuzia simu za mkononi, kwa sababu watu wetu walikuwa na simu, si kompyuta. Mchezo wa kwanza unakufundisha mchezaji wako anaishi wapi. Mchezo mzuri uliowekwa mahali ambapo mchezaji hayupo nao una dosari, hata kama kila tofali lake limenyooka.

Tena kuna mengine yaliyo yetu ambayo wengine wameyatengeneza kabla yetu. Septemba 2020 ulitoka mchezo wa magari WRC 9, kazi ya Wafaransa, na ndani yake mlikuwa na Safari Rally ya Kenya. Mbio zenyewe za mwaka huo zilikuwa zimefutwa kwa sababu ya korona. Kwa hiyo watu waliendesha Safari ya Naivasha sebuleni Ulaya kabla mbio za ubingwa wa dunia hazijarudi Kenya kwenyewe Juni 2021, baada ya miaka 19. Sina kinyongo nao. Waliona thamani kwenye vumbi ambalo sisi tulikuwa tunalipiga mswaki kwenye meno kila kiangazi. Lakini kijana wa Naivasha akikaa mbele ya mchezo wowote wa Safari ana jicho ambalo Mfaransa hana. Anajua vumbi la Kedong, lile laini kama unga linalomeza gurudumu mpaka katikati. Anajua mvua ya dakika kumi inafanya nini kwenye udongo wa Elementaita. Akisema, "Hapa si hivi," hiyo si lawama. Huo ni mtaji.

Na wale vijana wa kibandani, nimewachunguza tangu siku ile, ni watunzi tayari bila kujua. Ukutani pana kipande cha katoni chenye sheria zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Timu moja hairudiwi mara mbili. Hakuna kusimamisha mchezo mwenzako akiwa anashambulia. Nikamwuliza mwenye kibanda, sheria hizi zimo kwenye mchezo? Akacheka. "Zingekuwa ndani, mzee, ningeandika za nini?" Kila mstari kwenye ile katoni ni ufa ambao kampuni kubwa iliuacha, na Kaptembwo ikauziba kwa katoni.

Hilo halikuanza jana. Ukitoka mjini kwa njia ya Nairobi, mwendo mfupi tu, kuna kilima cha pimbi, Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937. Watu huenda kutazama makaburi ya kale na misingi ya makazi. Mimi huenda kutazama mwamba. Juu yake kuna safu za vishimo vilivyochongwa: ubao wa bao. Waluo watakuambia ajua, Wakikuyu giuthi, Wakipsigis kechuiek. Mwamba haupokei toleo jipya. Vishimo ni vilevile. Kilichokuwa kikirekebishwa ni sheria, mdomoni, mchana kutwa, na watu waliobishana: hiyo si haki, hapo unakula bure, tuanze tena. Mchezo unaofika mbali namna hiyo umefikishwa na wabishi.

Nimalizie na mpwa wangu. Siku chache baada ya kibanda alinijia na daftari la hesabu. Alikuwa amechora barabara ya miraba kutoka Mau Summit mpaka Nakuru mjini. Malori ni vizibo vya soda. Dizeli ni maharagwe, kila mraba unakula harage moja. Ukifika mteremkoni unachagua: uweke gia ulipe maharagwe, au uende friwili bila kulipa, lakini urushe dadu, na dadu ikikataa umeanguka. Salgaa ni mahali pa kupumzika. Ukikanyaga mraba wa Salgaa unapewa maharagwe matano.

Nilinyamaza kidogo. Mtoto wa gredi ya nane alikuwa ameweka kwenye karatasi jambo ambalo Big Rigs ilishindwa kuliweka kwenye kompyuta: lori lake lilijua mlima. Nikamwambia, mpe dadako acheze. Na wewe usiseme neno.

"Nimwelezee kwanza."

"Hapana. Ukiuza mchezo, wewe huendi ndani ya boksi."

Dadake ana miaka tisa. Akasogeza kizibo chake, akalipa, akarusha dadu, akapona, akafika Salgaa. Akapewa maharagwe matano. Akayatazama. Akarudi nyuma mraba mmoja, akalipa harage moja. Akaingia tena Salgaa, akalipa moja, akapewa matano. Akarudi nyuma. Akaingia. Mpwa wangu alikuwa anaruka kwenye kiti, mkono mdomoni. Baada ya muda yule mtoto alikuwa na mlima wa maharagwe mbele yake na lori lake halijaondoka Salgaa.

"Sasa si uende Nakuru!" mpwa wangu akashindwa kujizuia.

"Nikafanye nini Nakuru?" akamjibu. "Chakula kiko hapa."

"Anko, huyu hachezi! Anaharibu!"

Sikumjibu. Nilimtazama tu. Akaliangalia lile rundo la maharagwe, akaiangalia barabara yake, mraba kwa mraba, kimya kirefu. Kisha akanyoosha mkono mezani, akachukua kifutio.

Na mlioko barabarani usiku huu, mteremko ukianza, wekeni gia.